Mafuriko yalitupata sote, mbona orodha ikawa ya upande mmoja?

Swali la msomaji wa Mathare, Nairobi: "Naishi karibu na mto. Mafuriko ya 2024 yalibeba nyumba za pande zote mbili za njia yetu. Siku chache baadaye mzee wa mtaa alipita jioni na vijana wa mheshimiwa, wakaandika majina ya upande wa juu. Wao walipata pesa, magodoro na unga. Sisi wa chini tuliambiwa orodha imefungwa. Watu wanasema ni kwa sababu hatukumpigia kura. Je, huu ni upendeleo wa kisiasa au ni vurugu tu za wakati wa maafa? Na mtu wa kawaida afanye nini, bila wakili na bila kujitafutia maadui?"

Ndugu msomaji, pole sana kwa hasara iliyowapata, na pole zaidi kwa kulazimika kuuliza swali hili.

Kwa ulivyoeleza, bado huwezi kusema mlinyimwa kwa sababu ya kura. Lakini unaweza kusema jambo jingine, tena lenye uzito zaidi kisheria: kwamba orodha ya msaada iliandikwa bila vigezo kutangazwa, saa ambayo wengi hawakuwepo, na walioshika kalamu hawakuwa na cheo chochote serikalini. Kuthibitisha nia ya mtu ni kazi ngumu hata kwa mahakama. Kuthibitisha kwamba utaratibu haukufuatwa ni kazi ya karatasi, na karatasi hizo mna haki ya kuziona.

Shaka yenu haikutoka hewani. Jambo hili limechunguzwa kwingi. Marekani, wanauchumi Garrett na Sobel walipitia malipo ya shirika la serikali la maafa, FEMA, kati ya 1991 na 1999, wakakadiria kwamba karibu nusu ya misaada ile ilisukumwa na siasa kuliko mahitaji. Majimbo yenye uzito katika uchaguzi wa rais yalitangaziwa maafa mara nyingi zaidi, na yale yaliyokuwa na wabunge katika kamati zinazosimamia FEMA yalipata pesa nyingi zaidi. Madagascar, baada ya kimbunga Gafilo cha 2004, watafiti walikuta msaada wa serikali ukielekea zaidi kwa wafuasi wa serikali na kwenye maeneo yanayofikiwa na redio. Hapa kwetu, utafiti kuhusu barabara tangu uhuru ulionyesha kwamba wilaya za kabila la rais zilipata takriban mara mbili ya matumizi ya barabara, na lami ndefu karibu mara tano. Lakini utafiti huo huo ulikuta upendeleo ule ukitoweka katika vipindi vya demokrasia, yaani wakati bunge, magazeti na vyama pinzani vilikuwa na nguvu ya kuuliza. Kwa hiyo kuuliza kunabadilisha mgao.

Mfano ulio karibu zaidi nanyi ni wa 2020, wakati wa Korona, serikali ilipotoa KSh 1,000 kwa wiki kwa familia maskini. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza mitaa ya mabanda ya Nairobi na kueleza katika ripoti ya Julai 2021 kwamba mpango ulijaa undugu na urafiki: vigezo havikujulikana, na waliopewa kazi ya kuandika majina waliandika jamaa na marafiki. Wengi waliokosa hawakukosa kwa sababu mtu aliwachukia. Walikosa kwa sababu hawakujuana na aliyeshika kalamu.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo kesi yenu ilipo. Watu huangalia lori la unga na kusema, "upendeleo uko pale." Lori likifika, mambo yamekwisha kuamuliwa. Uamuzi ulifanyika siku majina yalipoandikwa, na makosa ya siku hiyo yana sura zinazojirudia.

La kwanza ni saa. Wakiandika saa kumi na moja jioni siku ya kazi, mama aliyekwenda kufua nguo Eastleigh na kijana aliye mjengoni hawapo. Anayebaki kuandikwa ni aliyeko nyumbani, au aliyepigiwa simu mapema. Kumpigia mtu simu mapema ni upendeleo usioacha alama yoyote.

La pili ni kipimo chenyewe: nyumba au familia? Ploti moja ya mabati inaweza kuwa na vyumba kumi na mbili, kila kimoja na familia yake. Mwandishi akihesabu ploti, jina linaloingia ni la mwenye ploti, ambaye pengine anaishi Kasarani na hakulowa hata soksi. Akihesabu familia, wapangaji kumi na wawili wanaingia. Mtu asiyetaka ugomvi na wenye ploti, ambao ndio huwa na sauti kwenye baraza, ataandika ploti. Ulizeni ni kipimo gani kilitumika. Mara nyingi mtagundua kwamba upande mmoja walihesabu vyumba, upande wa pili wakahesabu ploti.

La tatu ni waliokimbia. Serikali ilipoamuru mwanzoni mwa Mei 2024 kwamba watu waondoke kandokando ya mito, wengi walikwenda kwa ndugu zao Dandora, Kayole au mashambani. Mwandishi akihesabu waliolala shuleni au kanisani tu, aliyelala kwa shemeji yake hahesabiki kuwa mwathiriwa. Kosa hili lina historia. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, waliokuwa kambini walihesabiwa na kuanza kulipwa, KSh 10,000 za kuanzia na KSh 25,000 za nyumba, huku waliohifadhiwa na jamaa zao wakihangaika miaka mingi kuthibitisha kwamba hata wao walifukuzwa. Hakuna aliyelazimika kutamka "msiwaandike hawa." Mahali pa kuhesabia palitosha kuwaacha nje.

La nne ni kitambulisho na namba ya simu. Kitambulisho kilisombwa na maji, laini ya simu imesajiliwa kwa jina la kaka, pesa zinarudi kwa mtumaji. Kosa hili hutokea pande zote, lakini upande wenye mtu wa kufuatilia hurekebishiwa, na upande usio na mtu hubaki na deni.

Sasa tuje kwenye kura. Nawaomba muwe waangalifu na madai haya, kwa sababu moja ambayo wengi hawaifikirii. Kituo cha kupigia kura hakizidi wapiga kura 700, na penye wapiga kura wengi kituo hugawanywa mikondo kwa herufi za majina, si kwa mahali mtu anapolala. Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, inaweza kukuonyesha mkondo fulani ulimpigia nani kura ya urais, na fomu za mbunge na mwakilishi wa wadi vilevile. Lakini hakuna fomu inayoweza kuonyesha jinsi upande wa chini wa njia ulivyopiga kura tofauti na upande wa juu. Isitoshe, wengi wanaoishi Mathare wamejiandikisha nyumbani, Siaya au Murang'a au Makueni. Mheshimiwa mwenyewe hajui mlivyopiga kura. Anachojua ni nani alikuja kwenye mikutano yake, nani ni mpangaji wa nani, na kabila gani limejaa wapi. Upendeleo hupitia kwa hawa madalali wa katikati, watu wenye daftari na simu. Kwa hiyo barua inayosema "tulinyimwa kwa sababu hatukumpigia kura" itajibiwa kwa urahisi sana: "thibitisha." Barua inayosema "tulihesabiwa kwa kipimo tofauti na majirani zetu" haina jibu rahisi.

Namna ya kuthibitisha ni hii. Chagueni watu wanne au watano wanaoaminika, wawili wakiwa wa upande wa juu. Hao wa juu ni muhimu kuliko wote, maana bila wao mtaitwa wenye wivu. Chukueni daftari la kawaida, na kwa kila chumba mwandike mambo haya tu: ploti, idadi ya watu waliokuwa wakilala humo usiku wa mafuriko, kiwango cha maji, kilichoharibika, kama waliandikwa, na kama walipata chochote, kiasi gani na tarehe gani. Kiwango cha maji msikikisie. Tope huacha mstari ukutani, na kwenye mabati huacha kutu. Chukueni futi ya fundi, mpime kutoka sakafuni hadi kwenye mstari, mpige picha futi ikiwa ukutani. Mstari ukiwa umefutwa, tumieni picha zilizopigwa siku ile zikiwa bado kwenye simu za watu. Tarehe ya picha imehifadhiwa ndani yake, lakini ikishatumwa kwa WhatsApp tarehe hiyo hupotea, kwa hiyo itafuteni kwenye simu ya aliyeipiga.

Kuthibitisha kwamba mtu alikuwa mkazi wakati huo, ujumbe wa M-Pesa wa kodi ya miezi miwili au mitatu kabla ya mafuriko unatosha kabisa. Ni ushahidi bora kuliko barua ya chifu, kwa sababu si rahisi kuutengeneza baadaye.

Mkimaliza, fanyeni hesabu moja tu: kati ya familia zilizoingiliwa na maji, ni ngapi kwa mia zilizopata msaada, kila upande. Tuseme, kwa mfano tu, upande wa juu ni familia 120 na waliopata ni 96. Hiyo ni asilimia 80. Upande wa chini ni 150 na waliopata ni 12; asilimia 8. Pengo la namna hiyo kati ya majirani waliolowa maji yale yale linahitaji maelezo. Pengo la 80 na 65 linaweza kuwa vurugu za kawaida, wala msilipigie kelele.

Kabla ya kuandika neno upendeleo, jiulizeni kama kuna sababu nyingine ya haki. Je, upande wenu ulipata kitu kutoka kwa Msalaba Mwekundu, kanisa au msikiti, na serikali ikaamua kuziba pengo la upande wa pili? Je, njia ya kwenu ilikuwa haipitiki siku ile? Je, wa juu walipoteza nyumba nzima na ninyi mliingiliwa na maji hadi magotini? Mkizipima sababu hizi wenyewe na kuzieleza, atakayesoma barua yenu hatakuwa na mahali pa kutorokea.

Pimeni pia uzito wa kilichotolewa. Kiwango kinachotumika kimataifa ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kilo moja ya unga wa mahindi ina takriban kalori 3,600. Pakiti ya kilo mbili ni kalori 7,200, na familia ya watu watano inahitaji 10,500 kwa siku. Pakiti hiyo haifiki hata siku moja. Mgao kamili, kwa kipimo cha kawaida cha gramu 400 za nafaka, 60 za maharagwe na 25 za mafuta kwa mtu kwa siku, ungekuwa kwa watu watano kwa mwezi mmoja kilo 60 za nafaka, kilo 9 za maharagwe na karibu kilo nne za mafuta. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi watu hugombania pakiti za kupigiwa picha, huku msaada mkubwa, ule wa pesa na mabati, ukipita kimya kwa orodha nyingine. Tafuteni ule mkubwa.

Swali linalofuata ni: mali ile ilikuwa ya nani? Bila kulijibu, mtapeleka malalamiko kwa ofisi isiyohusika. Mheshimiwa akinunua magodoro kwa pesa zake za mfukoni nje ya kipindi cha uchaguzi, hakuna sheria inayomlazimisha kugawa sawa, ingawa ni aibu. Mali ikiwa ya umma, sheria inamlazimisha kila aliyeigusa. Kwa pesa za simu, ombeni jirani aliyepata awaonyeshe ujumbe wenyewe, kwa sababu jina la mtumaji limeandikwa. Kwa chakula, angalieni maandishi kwenye gunia. Kwa mabati na magodoro, ulizeni nani alisaini kupokea na lori lilitoka bohari gani.

Mifuko ya umma inayoweza kuhusika si mingi. Katiba, katika Jedwali la Nne, inaweka usimamizi wa maafa kwa serikali zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti, na ndiyo sababu kila mmoja humrushia mwenzake lawama. Upande wa taifa, agizo na ugawaji hushuka kwa kamishna wa kaunti, naibu wake wa kaunti ndogo, chifu na naibu wa chifu. Rais alipozuru Mathare Mei 2024 aliahidi KSh 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa kandokando ya mto. Ahadi ya namna hiyo utekelezaji wake hupitia mstari huu, si kwa mwakilishi wa wadi. Upande wa kaunti, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu mfuko wa dharura usiozidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia, na inamtaka waziri wa fedha wa kaunti apeleke maombi ya idhini kwenye bunge la kaunti ndani ya miezi miwili baada ya kutoa pesa. Maana yake kuna karatasi City Hall, makao ya kaunti, na kuna Hansadi, yaani kumbukumbu za mijadala ya bunge hilo. Halafu kuna mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, NG-CDF, ambao sheria yake ya 2015 inatenga asilimia 5 kwa dharura. Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba, lakini pesa zilizotumika wakati wa mafuriko yale bado zina kumbukumbu za vikao na vocha za malipo, na hukumu ya baadaye haizifuti.

Sasa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi yoyote ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza sababu. Hakuna ada ya kuomba. Mnaweza tu kutozwa gharama ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 kujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu, tena kwa sababu maalumu. Taarifa ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Barua ikienda ofisi isiyo sahihi, ofisi hiyo ina siku 5 kuihamishia panapohusika. Andikeni barua mbili zinazofanana, moja kwa naibu kamishna wa kaunti ndogo na moja kwa kaunti, ili asiwepo wa kusema "si sisi."

Ombeni mambo machache yanayojibika. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuomba "majina ya wote waliopewa." Ofisi itajibu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza, na mtakuwa mmewapa kisingizio. Msiombe majina. Ombeni idadi kwa kila kijiji, vigezo, tarehe na waliosaini. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, sisi raia tuliosaini hapa chini tunaomba kupewa taarifa zifuatazo kuhusu msaada wa mafuriko uliotolewa katika wadi yetu kati ya Aprili na Julai 2024: vigezo vilivyotumika kuchagua waliosaidiwa, na tarehe vilipoidhinishwa, kama kilichohesabiwa kilikuwa ploti, chumba au familia, idadi ya familia zilizoandikwa na zilizosaidiwa katika kila kijiji, tarehe na saa za uandikishaji, na vyeo vya walioandikisha, kiasi cha pesa na vifaa vilivyopokelewa na vilivyogawiwa, na mfuko vilikotoka, na utaratibu wa kukata rufaa kwa walioachwa nje. Hatuombi majina wala namba za simu za mtu yeyote."

Sentensi ya mwisho msiiache. Ile ya vyeo vya walioandikisha ndiyo yenye makali, kwa sababu "vijana wa mheshimiwa" si cheo. Afisa atalazimika ama kuandika kwamba walikuwa watumishi wa umma, jambo linaloweza kuchunguzwa, ama kukiri kwamba hawakuwa.

Chapisheni nakala mbili. Ya pili ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mpokeaji akikataa kupiga mhuri, tumeni kwa rejesta ya posta au barua pepe ya ofisi siku hiyo hiyo. Bila tarehe ya kupokelewa, hamwezi kuthibitisha siku 21 zilianza lini. Hapo ndipo malalamiko mengi mazuri hufia, si kwa hakimu.

Siku 21 zikipita kimya, sheria inahesabu kimya hicho kuwa kukataa. Mna siku 30 kupeleka ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaiita Ombudsman, hapa hapa Nairobi. Huhitaji wakili wala malipo. Ambatanisheni nakala yenye mhuri, daftari lenu la hesabu, na picha tatu au nne. Msiwapelekee picha mia. Kwa suala la kuachwa nje lenyewe, tumieni Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 kuomba sababu kwa maandishi. Sheria hiyo ina kifungu chenye nguvu: afisa asipotoa sababu, shauri likifika mahakamani itachukuliwa kwamba hakuwa na sababu nzuri, hadi athibitishe vinginevyo. Mkiona dalili ya wizi, kama vile magodoro yaliyosainiwa 300 na yaliyoonekana 90, hilo ni la Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na lipelekwe peke yake bila kuchanganywa na la orodha.

Mahakama nimeiweka mwisho kwa makusudi, lakini jueni iko wazi. Ibara ya 22 inasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za Katiba, na mahakama inaweza kupokea hata hati zisizofuata muundo rasmi. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi. Maoni ya kisiasa hayakutajwa kwa jina katika orodha ya misingi yake, lakini maneno ya ibara yanaonyesha orodha haijafungwa, na imani imetajwa. Bado nasema shikeni hoja ya utaratibu kwanza.

Uliuliza kuhusu maadui. Barua ya mtu mmoja inamtambulisha mtu mmoja. Barua ya familia 30, zikiwemo sita za upande wa juu, haina pa kushikia. Msimtaje mzee wa mtaa kwa jina. Yeye humsaidia chifu tu, mnaishi naye, na mara nyingi aliambiwa aongozane na wale vijana bila kupewa nafasi ya kukataa. Mkimwachia mlango wa heshima, huenda yeye ndiye atakayewapa nakala ya orodha. Msipeleke suala hili kwa mpinzani wa mheshimiwa alifanye ajenda ya jukwaani, hasa sasa tunapoelekea uchaguzi wa Agosti 2027. Likishavaa rangi ya chama, kila ofisi itapata sababu ya kulikalia.

Ya 2024 mtayapata kwa sehemu. Ya mvua ijayo mnaweza kuyapata yote, kwa sababu orodha nzuri huandikwa kabla ya maji. Nchini kwetu kuna mfano unaofanya kazi. Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, mpango wa fedha za kukabili njaa, HSNP, uliandikisha karibu familia zote kabla ya ukame na kuwafungulia akaunti za benki. Picha za setilaiti zikionyesha malisho yamekauka kupita kiwango kilichowekwa, pesa za dharura huongezwa kwa familia zaidi katika eneo hilo. Haina maana kwamba hakuna malalamiko. Kupanga nani ni maskini kuliko nani kumeleta ugomvi hata huko. Lakini swali la "lini" na "eneo gani" limeondolewa mikononi mwa mwanasiasa, na hilo ni jambo kubwa.

Mtaani kwenu kiwango kinaweza kuwa rahisi zaidi: alama ya rangi kwenye nguzo ya daraja. Maji yakifika hapo, kila chumba kilichoandikwa ndani ya umbali uliokubaliwa kutoka mtoni kinahesabiwa kimeathirika. Daftari mlilolitengeneza kwa ajili ya malalamiko ndilo mwanzo wa orodha hiyo. Lipelekeni kwa chifu, muombe baraza la mchana siku ya Jumapili baada ya ibada, lisomwe kwa sauti kijiji kwa kijiji kwa wanaokubali majina yao yasomwe, waliosahaulika waongezwe papo hapo, kisha nakala tatu zipigwe mhuri: ya chifu, ya naibu kamishna na ya wakazi. Lirudieni kila Februari kabla ya mvua za masika na kila Septemba kabla ya vuli, kwa kuwa wapangaji huhama.

Na msisahau mitaro. Upendeleo usioonekana kabisa ni ule wa kabla ya maafa: mfereji wa mtaa mmoja unazibuliwa, wa pili unaachwa ujae plastiki. Watafiti wa Marekani, Healy na Malhotra, walikuta kwamba wapiga kura humtuza kiongozi kwa msaada wa baada ya maafa lakini si kwa matayarisho, ilhali dola moja ya matayarisho iliokoa takriban dola 15 za hasara ya baadaye. Mwanasiasa anaelewa hesabu hiyo ya kura vizuri sana. Kaunti hutoa mpango wake wa maendeleo wa mwaka ifikapo tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha ifikapo 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili, na katika kila hatua lazima wananchi washirikishwe. Kikao cha wadi mara nyingi huwa na watu wachache, na wengi wao wamealikwa. Nendeni watu kumi na ombi moja lililoandikwa: urefu wa mtaro kwa mita, unakoanzia na unakoishia, idadi ya vyumba unavyovilinda, na mwezi wa kuuzibua. Hakikisheni limeingizwa kwenye kumbukumbu za kikao kabla hamjaondoka, na mchukue jina la ofisi itakayowajibu.